Futi kiunoni au sindano mkononi?

Ramadhani iliyopita, saa kumi alasiri, nilipanda juu ya mizani ya kioo katika duka moja pale Darajani, mjini Unguja. Nikavua makubadhi, nikakanyaga vile vipande vinne vya chuma, na baada ya muda mfupi kikaratasi kikatoka: mafuta ya mwili asilimia 29, mafuta ya tumboni daraja la 13, umri wa mwili miaka 58. Mimi nina 49. Muuzaji, kijana mpole tu, akanitazama kwa huruma. "Sheikh, mwili wako una moto ndani," akasema, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye chupa ya dawa ya kusafisha mwili. Sikuinunua. Sikukuu ya tatu nikarudi, nimeshakunywa maji ya kutosha tangu asubuhi. Mashine ileile ikanipa asilimia 26, na baina ya siku hizo mbili sikuwa nimekimbia hata hatua moja.

Huo "moto ndani" hakuutunga yeye. Ni tafsiri ya mtaani ya jambo ambalo watafiti wanalijadili kwa dhati: kinga ya mwili ikiwashwa kidogo, isizimike miaka na miaka, bila homa wala maumivu, huharibu mishipa ya damu na kuutengenezea njia ugonjwa wa sukari na wa moyo. Wataalamu huuita uvimbe wa kiwango cha chini. Jina lenyewe linatupotosha, maana ukimtajia Mzanzibari uvimbe anatafuta pa kushika: jipu, goti, busha. Huu haushikiki. Hujulikana kwa damu, hasa kwa kupima CRP, protini inayotengenezwa na ini, iliyogunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis. Kwa kipimo chake kinachonasa hata kiasi kidogo mno, chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ya moyo huhesabiwa ndogo, baina ya 1 na 3 ya wastani, juu ya 3 kubwa. Ikipita 10, daktari hushuku maradhi ya ghafla na kukutaka urudi baadaye.

Sasa wapo wanaouliza: kwa nini tumchome mtu sindano ikiwa umbo la mwili, kwa mfano kiuno kilichopimwa kwa futi ya fundi cherehani, linaweza kutupa jibu hilo?

Swali si la kipuuzi. Zamani mafuta ya mwilini yalichukuliwa kama ghala tu. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, wakiwa Marekani, walionesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatengeneza kemikali za uvimbe, na miaka kumi baadaye ikabainika kwamba chembe za kinga huingia ndani ya mafuta hayo na kupiga kambi. Yaliyo tumboni, yaliyozunguka matumbo, ndiyo makorofi zaidi, kwa kuwa damu yake hupita kwenye ini kwanza, na ini likipata ujumbe huo linaimwaga CRP. Na kwamba uvimbe huu unadhuru, ushahidi upo: mwaka 2017 utafiti wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo ulionesha kuwa dawa ya kutuliza uvimbe, isiyogusa kabisa lehemu (kolesteroli) mbaya, ilipunguza mashambulio mapya. Kwa hiyo kitambi na CRP hutembea pamoja, na anayepima kitambi anapima kivuli cha CRP.

Huku kwetu hoja hiyo ina uzito wake wa pekee. Kipimo cha damu kinataka mashine, kemikali, friji na umeme usiokatika. Futi inataka mkono. Kutoka Kojani au Makoongwe kichupa cha damu kinapanda dau kabla ya kupanda gari. Tena yapo mambo hatuyasemi ofisini: wazee waliokua wakitishwa na mumiani hawajamaliza kuamini kwamba kila anayechukua damu anaipeleka maabara. Tunao pia wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao Unguja na Pemba. Ukimpa kila mmoja futi, umeshafika mbali.

Nimewahi kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri, kituo kimoja cha afya Pemba. Muuguzi wa kike alipenyeza futi ndani ya buibui la mama mmoja mtu mzima, akatafuta kwa vidole mwisho wa mbavu na ncha ya mfupa wa nyonga, akaiweka katikati. "Bi mkubwa, usijibane, toa pumzi kama kawaida." Bi mkubwa akacheka: "Mwanangu, kwani unanishonea?" Wanaume ndio wagumu. Mwanamme anafunga shuka chini ya tumbo, anakwambia kiuno chake ni inchi 34 kwa kuwa ndiyo suruali anayovaa, na tumbo lililolala juu ya mkanda lina 40. Suruali haipimi kitambi, inakikwepa.

Ugumu unaanza pale futi inapotoa namba, ukataka kujua namba hiyo ina maana gani. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara na kwa Waarabu, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliazima mipaka ya Wazungu: sentimita 94 kwa mwanamme na 80 kwa mwanamke. Kwa watu wenye asili ya Bara Hindi, mwanamme mpaka wake ni 90. Haya, mchukue mwanamme wa Shangani mwenye kiuno cha 92, babu mmoja Mwarabu wa Hadhramaut, bibi mmoja Mhindi wa Kachi, na upande wa mama wote Makunduchi. Tumhesabu wapi? Afadhali kipimo kinacholinganisha kiuno na urefu, ambacho hakiulizi kabila: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Chukua kamba, jipime kutoka kisigino mpaka utosini, ikunje katikati iwe nusu, izungushe tumboni. Ikikutana, vizuri. Isipokutana, tuzungumze. Nadhani hakuna mashine Darajani inayoishinda kamba hiyo kwa bei yake.

Ile mizani ya kioo inapitisha umeme hafifu, unaopanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Maji yenye chumvi huupitisha, mafuta huuzuia. Mashine hupima ule mkwamo tu, ikauchanganya na uzito wako na urefu, umri na jinsia uliyoitajia, ikapiga hesabu iliyotungwa kwa kupima watu wa nchi nyengine. Umeme wenyewe hupita zaidi miguuni; tumboni haufiki sawasawa, na lile daraja la 13 ni makisio. Mtu mwenye saumu amepungukiwa maji, na mashine inaisoma kiu yake kama mafuta. Zipo mashine bora zenye vishikio vya mikono, na hospitali hutumia picha za eksirei kupima mafuta, lakini hizo tena si habari ya bei rahisi.

Hata hivyo, mashine mbovu hubadilishwa. Kinachonisumbua mimi ni mvuvi. Mvuvi wa Wesha, mwembamba, mbavu zinahesabika, kamba inamzunguka na kubaki. Huyu anaweza kuwa na fizi zinazotoka damu, sigara tatu kwa siku, kichocho cha utotoni kisichotibiwa sawasawa, au kifua kikuu kinachoanza. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuwasha kinga ya mwili, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kiunoni. Na wapo wembamba wenye mafuta yaliyojificha: mwaka 2004 daktari Mhindi Chittaranjan Yajnik na Mwingereza John Yudkin walichapisha picha yao wawili, kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) sawasawa kabisa, 22.3. Mwingereza alikuwa na mafuta asilimia 9.1, Mhindi 21.2.

Damu nayo isijitape. CRP hupanda kwa mafua, kwa mimba, kwa vidonge vya uzazi wa mpango, na haisemi nini kimeipandisha. Wapo Watsimane wa misitu ya Bolivia, wakulima na wawindaji wenye minyoo na maambukizi mengi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta nusu yao wana CRP ya juu, lakini mishipa yao ya moyo ni miongoni mwa misafi kuwahi kupimwa. Namba ile ile inayomtisha mtu wa London, kwao ilikuwa na maana nyengine.

Sisi tuko wapi, London au msituni? Katikati, na tunasogea. Malaria Zanzibar imekaa chini ya asilimia 1 kwa zaidi ya muongo mmoja, dawa za minyoo zinagaiwa maskulini, na papo hapo chipsi, soda na pikipiki vimetuingia. Kadiri maambukizi yanavyopungua ndivyo CRP ya mjini inavyozidi kuwa ya kitambi, na ndivyo futi inavyozidi kusema kweli. Lakini futi inayosema kweli Mpendae, mjini Unguja, inaweza kusema uongo Micheweni, shamba Pemba.

Mimi nakubali futi iingie mikobani mwa wahudumu, kwa sharti isiitwe kipimo cha uvimbe. Ipime kitambi, basi. Aliyezidi nusu ya urefu wake apimwe presha na sukari, kwa sababu hivyo vina tiba na majibu yake yanabadilisha anachofanyiwa. Kumwambia ana moto ndani hakumwongezei kitu, maana ushauri ni uleule wa kutembea, kupunguza wali na kuacha sigara, isipokuwa umemuuzia chupa. Na kabla ya kuweka mpaka wetu wenyewe, maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iko palepale Wawi tangu mwaka 2000, na kichocho na minyoo inaijua vizuri. Watu walewale wapimwe futi, damu, mkojo na choo kwa pamoja, wanene na wembamba. Hapo ndipo tutajua futi inakosea wapi, na inamkosea nani.

Siku ile ya Sikukuu, nilipokuwa navaa makubadhi, kijana wa kusukuma gari la mkono aliomba naye ajaribu. Mwembamba kama ufito. Kikaratasi kikatoka: asilimia 11, daraja la 2, umri wa mwili miaka 20. "Wewe mzima kama chuma," muuzaji akamwambia, na chupa hakumwonesha. Kijana akacheka mpaka akapaliwa na kikohozi, akainama kushika magoti, kikamchukua muda. Kisha akatema pembeni, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akakamata gari lake.