Ugenini Wawili, Akiba Ndogo: Unafuu Huu Analipia Nani?

Wenza wanaojiandaa kwenda kuishi nchi nyingine kwa miezi kadhaa, akiba yao ikiwa ndogo, huniuliza swali moja: tuwe na kiasi gani? Swali ni la msingi na lina majibu. Ila mimi na mume wangu tumeishi hivi kwa miaka, nchi hii kisha ile, tukihesabu kila senti, na kuna jambo ninaloliona zito kuliko kiasi. Kila mnapobana matumizi ugenini, mmoja wenu ndiye anayelipia huo unafuu. Hulipa kwa miguu yake, kwa usingizi wake, kwa muda wake, au kwa kazi aliyoiacha. Wenza wengi hupanga bajeti hadi usiku wa manane bila kuulizana huyo atakuwa nani, na naamini wengi wanaofunga virago mapema hufunga kwa sababu hiyo, hela ikiwa bado ipo.

Chukua nyumba, maana ndiyo inayokula fungu kubwa. Kodi hushuka kadiri unavyokwenda mbali na katikati ya jiji, kwa hiyo kwenye karatasi mtaa wa mbali hushinda daima. Halafu maisha yanaanza. Anayefanya kazi ndani, kwa kompyuta, hatoki. Kwake mtaa ule ni tulivu na kodi ni nafuu. Anayekwenda darasa la lugha jioni, au kibaruani, ndiye anayesubiri basi la mwisho, kisha anatembea kutoka kituoni gizani, mifuko mkononi, funguo ameshaziweka tayari katikati ya vidole. Kodi ndogo wanaifaidi wote wawili, ila barabara ile ni ya mmoja. Tulipohamia karibu na kituo tulilipa zaidi na chumba kikawa kidogo zaidi, na sijaona fedha iliyotumika vizuri kuliko ile.

Kuna chumba kingine ninachokikumbuka kuliko vyote. Kilikuwa kimoja, kizuri, chenye mwanga, na meza moja tu ya kukunja chini ya dirisha. Sote tunafanya kazi kwa kompyuta. Mume wangu alikuwa na vikao vya simu asubuhi, basi asubuhi meza ikawa yake. Mimi nilikaa kitandani, sanduku la safari limelazwa mbele yangu, kompyuta juu yake, waya wa chaji umevutwa hadi ukutani. Akizungumza na mteja, nilizima feni ili isisikike. Nikitaka kwenda chooni, nilinyata. Kufika saa sita mchana mgongo ulikuwa unaniuma na ukurasa haujaisha. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kazi yake ilikuwa na saa maalumu, yangu haikuwa nazo, basi yangu ikawa ndiyo inayosogezwa. Ndivyo inavyokwenda karibu kwa wenza wote ninaowajua wanaoishi hivi: kazi inayoweza kusubiri husubirishwa, na mwenye kazi hiyo huonekana hana haraka, mpaka kipato chake kinaposhuka na yeye mwenyewe anaanza kuamini kuwa kazi yake haikuwa na uzito. Siku hizi nikitafuta nyumba naangalia kama kuna mlango kati ya meza na kitanda kabla ya kuuliza kodi.

Sasa nije kwenye kiasi. Mwezi wa kwanza hauna uhusiano na miezi inayofuata, na anayegawanya akiba yake sawasawa kwa idadi ya miezi atakwama mapema. Utatoa amana, yaani dhamana anayoishika mwenye nyumba, kodi ya kwanza, pengine ada ya dalali, kisha shuka, sufuria, kadi ya simu, tiketi za mwezi za usafiri. Amana hutofautiana sana kisheria. Uingereza, sheria ya mwaka 2019 iliiwekea kikomo cha kodi ya wiki 5 kwa nyumba nyingi za kupanga. Ujerumani inaweza kufika kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za huduma, lakini sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa awamu 3, na wageni wengi hulipa yote kwa mkupuo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Soma sheria ya upangaji ya nchi unayokwenda kabla ya kusoma chochote kuhusu vivutio vyake. Na amana usiitume kwa mtu ambaye hajakufungulia mlango wa nyumba anayosema ni yake, hata akutumie picha nzuri kiasi gani.

Ndiyo maana mimi napendelea wiki za kwanza kukaa mahali pa muda, hata kama kwa siku moja moja ni ghali zaidi, kuliko kusaini mkataba mrefu kutoka mbali. Unajua kelele za mtaa kwa kulala pale. Unajua basi linachelewa kwa kulisubiri. Na ukishafika, kodi ya mwezi mzima mara nyingi huwa nafuu kuliko ya siku zilizojumlishwa, hasa msimu wa watalii ukiwa umepita, kwa hiyo una nafasi ya kujadiliana.

Benki nazo zina kizungumkuti chake. Bila anwani hupati akaunti, bila akaunti mwenye nyumba hakupi mkataba, bila mkataba huna anwani. Katika Umoja wa Ulaya kuna agizo la mwaka 2014 linalompa kila mtu anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata kama hana anwani ya kudumu. Itaje haki hiyo kwa jina dirishani, kwa upole, uone jinsi mazungumzo yanavyobadilika. Kuhusu kutoa hela kwenye mashine, kuna kosa dogo linalojirudia: mashine ikikuuliza kama ikate kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya kwenu, umemruhusu mwenye mashine akupangie kiwango chake cha kubadilishia. Na kama mnawatumia ndugu fedha, ijulikane tangu mwanzo kwamba gharama ya kutuma ni sehemu ya bajeti. Takwimu za Benki ya Dunia kwa miaka kadhaa zimeonyesha wastani wa dunia wa gharama ya kutuma dola 200 ukizidi asilimia 6 ya kiasi hicho, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kutuma mara moja kwa kiasi kikubwa mara nyingi hupunguza makato kuliko kutuma kidogokidogo.

Viza ndiyo mahali ambapo usawa wa wenza hukatwa na serikali, si na wao. Paspoti mbili tofauti zinaweza kulala kitanda kimoja na kupewa haki tofauti kabisa asubuhi. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na hesabu hurudi nyuma kutoka siku uliyopo. Kutoka nje wikendi moja hakufuti siku ulizokwisha kaa. Mmoja wenu akiwa raia wa nchi isiyohitaji viza na mwingine akihitaji, ada, picha, miadi ya ubalozi na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 vitamwangukia huyo mwingine peke yake. Gharama hizo zinapaswa kutoka mfuko wa pamoja. Nimewasikia wenza wakisema "viza yako imetugharimu", nami nadhani kauli hiyo ifutwe kabisa nyumbani. Paspoti hakuichagua.

Zaidi ya hapo kuna viza ya mwenza, ile inayomfanya mtu mzima aandikwe kama mtegemezi wa mwingine. Katika nchi kadhaa mwenye viza hiyo anaruhusiwa kufanya kazi, katika nyingine hapana. Marekani, mwenza wa mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, hupewa H-4, na kwa kawaida haina ruhusa ya kazi. Mwaka 2015 ndipo mlango ulifunguliwa kwa baadhi yao, wale ambao wenza wao wamefika hatua fulani ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mtu aliyekuwa na mshahara wake anajikuta anaomba nauli ya basi. Hata ndoa yenye mapenzi mengi hutikisika hapo, na ushauri wangu ni kwamba hilo lizungumzwe kabla ya tiketi kukatwa, si baada. Viza za wafanyakazi wa mbali, wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa mwajiri au wateja walio nchi nyingine, zilizoanza kushamiri mwaka 2020 kwa nchi kama Estonia na Barbados, zinasifiwa kama suluhisho. Lakini Barbados ilitaka mwombaji atarajie kipato cha angalau dola za Marekani 50,000 kwa mwaka. Wenye akiba ya kuhesabu hawakuwa kwenye mawazo ya waliopanga mpango ule.

Jambo moja la makaratasi, haraka: cheti cha ndoa kiidhinishwe kabla hamjaondoka. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 hutumia muhuri mmoja wa apostili, unaothibitisha kuwa hati ni halali. Nyingine zinakupitisha wizarani kisha ubalozini, na kufanya hivyo kutoka mbali ni taabu na gharama.

Kuhusu moyo. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wamezoea vizuri, waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu zaidi, na waliozidi miezi 18 walikuwa wametulia tena. Watafiti waliofuata wameupinga mchoro huo wa kushuka kisha kupanda, wakisema wengi huumia tangu mwanzo. Mimi ninachokiona kwa wenza ni kwamba hamshuki pamoja. Mmoja bado anapiga picha za madirisha, mwingine anakaa bafuni na simu akisikiliza ujumbe wa sauti wa dada yake kwa mara nyingine tena. Aliye juu humwona mwenzake hana shukrani. Aliye chini humwona mwenzake hana huruma. Na ukata hufanya hali hiyo iwe kali zaidi, kwa sababu dawa za kawaida za upweke, kutoka, kukaa mahali na watu, kupiga simu ndefu, kumtembelea ndugu, zote zina gharama, na ndizo zinazokatwa kwanza kwenye bajeti. Mimi nazitetea. Ningekata sebule kabla ya kukata fungu la mtu kutoka nje peke yake, bila mwenza, akakae na watu wengine.

Maana raha zipo, na ni nyingi, na nyingine huletwa na ule ule uchache wa hela. Anayepanda basi badala ya teksi huujua mji. Anayefua kwenye mashine za pamoja huwajua majirani. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye hatukuwa na lugha ya kuzungumza naye, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mapipa ya taka, akanionyesha kwa kidole rangi ya kila pipa na siku yake kwenye kalenda, kisha akanifanya nirudie. Tangu siku hiyo nilikuwa na mtu wa kumsalimia. Kadi ya maktaba ya umma, pale wageni wanaporuhusiwa kuichukua, hukupa joto, intaneti, meza na ukimya. Kodi ya wawili haiwi mara mbili ya kodi ya mmoja. Na nimemwona mume wangu akijifunza kuomba msaada kwa watu asiowajua, jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulihitaji. Nimempenda upya kwa hilo.

Sisi tumeshikilia mambo machache. Kuna mfuko wa pamoja, na kila mmoja ana kiasi chake kidogo cha mwezi ambacho haulizwi amekitumiaje, hata kama kipato chake mwezi huo ni sifuri. Kila mmoja ana nauli ya kurudi kwao katika akaunti yenye jina lake mwenyewe. Wapo wanaoona hiyo ni dalili ya kutoaminiana, nami sikubaliani nao: anayejua anaweza kuondoka hukaa kwa hiari, na ugomvi wake huwa wa jambo lililopo, hauwi wa hofu. Kila tunapotaka kubana kitu, mmoja husema kwa sauti ni nani atakayekibeba, na huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Mara nyingi hubeba kwa moyo mweupe, kwa sababu ameulizwa.

Na mkataba wa nyumba huandikwa majina yote mawili, hata mwenye nyumba akisema moja linatosha. Mmoja akipata kazi mji mwingine, au akilazimika kurudi kumuuguza mzazi, anayebaki asije akaambiwa kwamba alikuwa mgeni tu wa mpangaji.