Kodi ya mwaka haitailinda Kitengela

Kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndiko Kitengela, walikokuwa wakisambaa nyumbu na pundamilia mvua zikianza, wakila nyasi zilezile na ng'ombe wa Wamaasai. Kiangazi wakarudi. Hifadhi imezungushiwa seng'enge pande tatu. Upande wa nne ni mashamba ya watu, na watu hao wana watoto wa kusomesha.

Ndiyo maana niliupenda mpango wa kukodi ardhi ulioanza mwaka 2000. Familia ililipwa kodi ya dola 4 kwa ekari kwa mwaka, nayo isiweke ua, isichimbe mawe, isikate ploti. Pesa zilitoka kwa awamu tatu, shule zikikaribia kufunguliwa. Aliyepanga hivyo aliijua nyumba ya mfugaji: shamba humegwa karo inapodaiwa.

Lakini kodi ni kodi. Mfadhili akiondoka, ulinzi umeondoka naye, na mnunuzi wa ploti ya futi 50 kwa 100 yuko pale na pesa taslimu. Majuzi niliona pundamilia watatu mbele ya ua mpya, waya bado unang'aa. Wakaufuata hadi pembeni, wakakuta ua mwingine.

Nazitaka amana za ardhi kwa sababu hiyo, yaani mashirika yanayotunza ardhi isikatwe. Marekani zipo tangu karne ya 19. Amana hununua ardhi yenyewe, au humlipa mwenye shamba aachilie haki ya kuikata na kuijengea. Shamba linabaki lake, anachunga, anarithisha. Sharti huingia kwenye rejista ya ardhi na kumfunga hata atakayenunua kesho. Kenya tunayo sheria: kifungu cha 112 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 kinaruhusu sharti la namna hiyo lidumu milele.

Mzee ataniuliza, nitawafungaje wajukuu? Ni swali zito, na jibu lake lianze na bei ya haki na ridhaa ya nyumba nzima, wake na mabinti wakiwemo. Ila kukata ploti nako ni kuwafunga. Sijaona mtaa uliobomolewa ukarudi malisho.

Na maji ya Mbagathi hayaishii hapa. Huingia Mto Athi, mto uleule ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini. Bara kukinyesha sana, mvuvi wa Malindi huamka akaikuta bahari imekuwa nyekundu kwa udongo.