Werner alinunuliwa kwa mbio zake, akanyimwa pa kukimbilia

Mabao 6 katika mechi 35 za Ligi Kuu ya Uingereza. Kila Timo Werner, mshambuliaji wa Ujerumani, anapotajwa kama usajili uliobuma, takwimu hiyo ya msimu wa 2020/21 akiwa Chelsea ndiyo hutangulia. Msimu mmoja tu kabla yake alikuwa amefunga mabao 28 ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, akiwa na RB Leipzig. Kasi haipotei mguuni kwa miezi mitatu.

Leipzig walipora mpira katikati na kuusukuma mbele papo hapo, kabla mabeki hawajajipanga. Werner alianzia upande wa kushoto, akakata kuingia ndani, na nyuma ya mabeki kulikuwa na uwanja mtupu. Chelsea wakamkaribisha kwenye soka la kumiliki mpira. Wapinzani wanarudi wote ndani ya boksi lao, pasi inazungushwa kulia na kushoto, na mtu mwenye mbio anasubiri akiwa amesimama. Pasi ya kupenyeza ilipokuja, ilikuja imechelewa, naye alikuwa ameshachomoka. Mabao kadhaa yalikataliwa kwa kuotea.

Wanaomlaumu wana hoja. Timu inayowania ubingwa haiwezi kumwachia mpinzani mpira kila wiki kwa ajili ya straika mmoja. Timu ndogo hazitautaka mpira huo. Nafasi aliyoipoteza karibu kabisa na lango la Real Madrid, mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, nayo si ya kuulaumu mfumo. Na aliporudi Leipzig mwaka 2022 hakuyafikia tena mabao 28.

Hata hivyo, iangalieni tena fainali ya ligi hiyo iliyochezwa mjini Porto, 29 Mei 2021. Manchester City wamepanda juu, Mason Mount wa Chelsea ana mpira. Werner anachomoka kuelekea kushoto, beki wa City Rúben Dias anavutwa naye, katikati panabaki wazi, Kai Havertz anapita na kufunga bao pekee la mechi. Werner hakuugusa mpira ule, na hakuna safu ya takwimu za mabao inayomhesabia.

Mfumo mzima haukuhitaji kubadilishwa. Viungo walihitaji ruhusa ya kuuachia mpira kwa mguso wa kwanza au wa pili mara wanapoupora, hata kama pasi nyingine zingepotea. Klabu iliyolipa zaidi ya pauni milioni 45 kwa ajili ya mbio ilipaswa kuivumilia hasara hiyo.