Shule ya sanaa Lubumbashi: saa za karakana zipunguzwe?

Mzazi wa Lubumbashi anayemwandikisha mtoto sekondari ya sanaa hukosa raha akiiona ratiba: saa nyingi ni za kuchora, kufinyanga na kugonga shaba, ilhali mtihani wa Serikali unadai pia Kifaransa na hesabu. Anataka karakana ipunguzwe. Walimu wa ufundi hawataki hata kuisikia hoja hiyo.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Aliwakataza vijana wake kuiga picha za Ulaya, akamwacha kila mmoja atafute mtindo wake. Mmoja wao, Bela, akapaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi iliyobanana kama ufumaji. Mwaka 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens akaanzisha Akademia ya sanaa, yenye madarasa na masomo ya kufuata hatua kwa hatua. Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar ikaingizwa humo, na Mwenze na mwenzake wa Hangar, Pilipili Mulongoy, wakawa walimu. Basi anayesema kipaji hakihitaji darasa awakumbuke hao: walilelewa katika uhuru, kisha wakafundisha darasani.

Hata hivyo, darasa la sanaa halikatiki vipande kama darasa la historia. Tazama bamba la shaba nyekundu, unene wa nusu milimita hivi. Mwanafunzi hulichoma moto hadi liwe jekundu la kufifia, hulizamisha majini, kisha hulilaza juu ya lami iliyopashwa moto, inayolishikilia bamba linapogongwa. Hugonga kwa nyuma ili umbo litokeze, hugeuza, hunyoosha mandhari kwa mbele. Kadiri nyundo inavyopiga, ndivyo shaba inavyokuwa ngumu. Sauti ikibadilika na kuwa kali, ni lazima bamba libanduliwe, lisafishwe lami, lirudi motoni. Mwenye haraka huruka hatua hiyo, na bamba hupasuka palepale pua au kidole kilipoinuka zaidi. Kwenye kipindi cha dakika 50, ukitoa muda wa kuwasha moto na kupasha lami, nyundo inabaki na nusu saa, pengine pungufu. Kengele ikilia, lami imeshaanza kuganda.

Udongo nao una saa zake. Wakati wa kiangazi upepo mkavu hukausha ukingo wa chungu kabla ya kitako, na ufa hutokea. Lazima kifunikwe plastiki na kukaguliwa kila siku.

Lakini wazazi wana hoja nzito. Mchongaji asiyeweza kusoma mkataba hudhulumiwa mchana kweupe. Na kijana mwenye diploma anaweza kubadili njia akifika chuo kikuu, haki ambayo shule haipaswi kumnyima akiwa na miaka 16.

Kwa maoni yetu, kosa liko kwenye mpangilio kuliko kwenye idadi ya saa. Vipindi vinne vya karakana vilivyotawanywa wiki nzima vina faida ndogo kuliko vinne vya mfululizo asubuhi moja. Kifaransa na hesabu vinavumilia kugawanywa. Mpango huo hauhitaji hata saa moja ya ziada. Unahitaji mkuu wa shule aliye tayari kubishana na kila mwalimu kuhusu ratiba yake, na lami ya kutosha: bamba lisiloegemea kitu chini yake hutoboka, hata mwanafunzi apewe siku nzima.