Koti la Msimu Tusio Nao

Nani aliyeleta Nairobi habari za majani kupukutika? Namtafuta. Sitamdhuru, nataka tu anirudishie shilingi zangu 1,200 na ile heshima yangu iliyobaki Syokimau.

Sisi hapa tuna majira yetu na yanatutosha. Kuna masika, barabara zinageuka mito. Kuna vuli, barabara zinageuka vijito. Katikati, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanalifunika jiji kama kifuniko cha sufuria, na jua likijitokeza saa nane mchana linachungulia tu kama landilodi tarehe 5, kisha linaenda zake. Tena landilodi afadhali, yeye hukaa mpaka umlipe. Wamaasai walishatuambia mapema. Mahali hapa walipaita Enkare Nairobi, maji baridi, nasi tukajenga jiji hapo hapo, halafu kila Julai tunatazamana kwenye stendi na kuulizana, "Jameni, hii baridi imetoka wapi?"

Majani ya kwetu hayana ratiba. Kinachopukutika kwa kufuata kalenda ni maua ya mjakaranda, mwezi wa Oktoba, na mti wenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Lami inakuwa ya zambarau, watu wanapiga picha, mimi nateleza nikikimbilia matatu.

Sasa binti yangu Zawadi amefunga chuo, yuko nyumbani, ana simu na ana bando. Hivyo vitu vitatu vikikutana ni hatari. Jumatatu moja Agosti hii alinitazama nikitoka kwenda kazini, akatikisa kichwa kama daktari anayesoma picha ya mapafu.

"Baba, kwani hata Mombasa utaenda ukikaa hivyo?"

Nikaketi, nikamweleza taratibu. Nguo zangu zina mfumo. Kuna za kanisa, za kazi na za kulala. Ya kanisa ikizeeka inashuka cheo inakuwa ya kazi. Ya kazi ikichakaa inakuwa ya kulala. Ya kulala ikitoboka mahali ambapo mtu mzima hapaswi kutoboka, mama yako anapigia deki. Mfumo huu umetufikisha miaka 20 bila deni la nguo hata moja. Isitoshe, nina suti ya Kaunda.

"Hiyo si ilipigwa marufuku?"

Ilipigwa marufuku bungeni, Novemba 2023, na Spika wa Bunge la Taifa. Mimi siendi bungeni. Naenda Kirinyaga Road kuuza mikanda ya injini na brekipedi, na huko hakuna spika, kuna bosi tu, ambaye naye havai kitu cha kumwezesha kumhukumu mtu.

Zawadi hakusikia. Alikuwa ameshafungua simu na kunionyesha wazungu wanatembea kwenye bustani iliyojaa majani makavu, wanacheka, hakuna hata mmoja anayeyafagia. Akanisomea rangi za msimu: kahawia, haradali, na damu ya mzee. Nikauliza mzee yupi. Moyoni nilishamjua.

"Na baba, siri ni kuvaa tabaka tabaka. Shati, juu yake sweta, juu yake koti."

Nikamwambia mimi tabaka ninalolijua ni la chini, na ndilo ninaloishi. Mama yake akacheka mpaka akashika meza, lakini alipomaliza kucheka akasema Jumamosi tutapitia Gikomba. Mke wangu hucheka na mimi, kisha hupiga kura na mtoto.

Gikomba mnaijua. Unaingia ukiwa baba wa watu, unatoka umekanyagwa na mkokoteni na umenunua kitu ambacho hukukusudia. Wanangu, kama hujui, mtumba una vyeo kuliko polisi. Belo ikikatwa tu, watu wanarukia kamera, yaani zile nguo bora ambazo ukizivaa hakuna atakayekuuliza ulitoa wapi. Kinachobaki kinashuka bei saa baada ya saa mpaka kinafika fagia, pale chini, ambapo mimi hujisikia nyumbani. Nilikuwa nimeshainama kwenye fagia, nimeshika shati lisilo na kosa lolote isipokuwa kola, kijana mmoja akaniinua kwa kiwiko.

"Mzae, achana na hizo. Hii ni kamera. Hii ilikuwa inakungoja wewe."

Lilikuwa koti la sufu, kahawia, refu mpaka magotini, zito kama deni la chama. Akaanza na 2,500. Zawadi akapiga makofi, na ukishapiga makofi mbele ya muuzaji wa Gikomba umeshakata bei yako mwenyewe shingo. Tulishuka kwa uchungu mpaka 1,200. Nilipotia mkono mfukoni nikagusa kitu kikavu. Jani. Jani kavu kabisa, la rangi ile ile ya simu, limesafiri kutoka huko lilikopukutika, likapita bandarini, likapanda lori mpaka Gikomba bila kulipa nauli. Zawadi akasema ni ishara. Mimi nikasema ni takataka, lakini nikalirudisha mfukoni, maana nililipia vyote.

Basi Jumatatu tukaenda Syokimau kupanda treni ya kwenda Mombasa ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama kila stesheni. Tiketi ya daraja la kawaida 1,500 kwa kichwa, na vichwa ni vitatu. Manyunyu yanaanguka, baridi inauma masikio, na mimi nimo ndani ya shati, sweta ya haradali, skafu ya damu yangu mwenyewe, na koti. Nakiri, nilipendeza. Mama mmoja alinipa njia akidhani mimi ni mtu.

Kabla ya kupanda, mizigo inapangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi anapita akinusa. Mbwa yule alinusa masanduku yote kwa heshima, akaendelea. Alipofika kwangu akaliacha begi akaanza kunusa koti. Akazunguka. Akarudi. Akaketi karibu yangu, ananitazama kwa macho ya mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. Nadhani huko lilikotoka, koti lile liliishi na mbwa. Jaribu kumweleza hivyo afande mwenye baridi saa moja asubuhi. Walinivua tabaka zote, moja baada ya nyingine, mbele ya watu, mpaka likatoka lile jani, nalo likachunguzwa. Syokimau, nabii wa Wakamba ambaye stesheni inabeba jina lake, alitabiri nyoka wa chuma atakayepita katika nchi. Kuhusu kuvuliwa sweta hakusema neno.

Sasa kuna jambo moja ambalo simu ya Zawadi haikulitaja. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Na kila ukishuka mita 1,000, joto linapanda kama nyuzi 6. Yaani ukiwa ndani ya treni ya kwenda Mombasa umekaa kwenye jiko, na kuna mtu anaongeza mkaa kila stesheni. Athi River nilikuwa sawa. Emali nikalegeza skafu. Kibwezi nikaitoa. Mtito Andei nikataka kuvua koti, lakini viti vile vinatazamana, magoti yangu yako katikati ya magoti ya bwana mmoja nisiyemjua, na kila nikiinua mkono kiwiko kinaingia kwenye mayai ya kuchemsha ya mkewe. Nikatulia. Nikaanza kuiva.

Tulipopita Tsavo abiria wote wakakimbilia dirisha la upande mmoja. Ndovu! Kundi zima, wekundu kwa vumbi la udongo wa kule. Zawadi akanigusa, "Baba, unaona ile rangi? Ndiyo nilitaka upate ya suruali." Nikawatazama wale ndovu. Rangi moja, maisha yote, na masikio makubwa ya kujipepea. Sijawahi kumwonea mnyama wivu kiasi kile.

Miritini nilishuka nikiwa nimelowa kama niliyeogelea kutoka Voi. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake Mama Zawadi, alikuwa ametuandalia chakula Kisauni. Tulipofika akanitazama juu hadi chini.

"Karibu mwanyumba! Mbona wafuka moshi?"

Nikataka kumjibu, nikaona yeye mwenyewe amevaa sweta. Sweta! Nje mnazi umetulia juani, jasho linanitoka mpaka kwenye kope, na mwenyeji wangu amefunga vifungo mpaka shingoni.

"Kipupwe hichi, ndugu yangu," akasema, akijikunyata. "Upepo wa kusi wa mwaka huu si mchezo. Usiku twalala na mablanketi mawili."

Nikamwambia mimi natoka mahali ambapo mafuta ya nazi ya watu wa kwao yanaganda kwenye chupa kama mshumaa. Akasikitika, akaniletea maji ya moto ya kuoga. Ya moto!

Kesho yake tukashuka ufuoni Bamburi. Zawadi alikuwa na picha nyingine kwenye simu, ya mzungu amevaa suruali nyeupe ya kitani, amekunja miguu, anatembea kwenye maji bila kulowa. Suruali nyeupe sina. Mwanyumba akaniazima kikoi chake kipya, akanifunga mwenyewe kiunoni kwa ustadi, akanionya nisikichezee fundo. Ningelisikia. Lakini picha ikapigwa mara 14, mara nitazame bahari, mara nicheke, mara nitembee kama sijui kuna kamera, na katika kutembea kama sijui, nikalegeza fundo kidogo nipate hewa. Kusi ikavuma. Wahenga waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako mimi nilidhani ni mafumbo. Kumbe walikuwa Bamburi siku hiyo. Kikoi kilienda upande wa Malindi, nami nikabaki na ile nguo ya ndani ambayo, katika ule mfumo wangu, ilikuwa imebakiza wiki moja iwe ya deki. Muuza madafu akageuka akatazama pembeni kwa adabu. Mwenye ngamia hakugeuka. Ngamia pia.

Siku ya kuondoka wanawake wakaenda Biashara Street kununua leso. Mama Zawadi akarudi na doti moja, amelikunja hakutuonyesha, anacheka peke yake na dada yake jikoni. Mimi nilikuwa na shughuli ya kuagana na koti. Kulibeba tena sikuweza, lilikuwa limekunywa jasho langu la siku nzima na sasa lilinuka kama yule mbwa aliyelinusa. Bawabu wa pale karibu na kwa mwanyumba, mzee anayekesha langoni na kikombe cha kahawa, aliigusa sufu yake akafumba macho. "Allah akuweke," akaniambia. "Baridi hii ingeniua." Nililitoa kwa moyo safi. Sweta na skafu vilikuwa vimeloa vimeanikwa kwenye kamba, na mtajua vilikosahauliwa.

Treni ya saa tisa ilitufikisha Syokimau kabla ya saa tatu usiku. Milango ikafunguka. Ile baridi ilikuwa inaningoja hapo hapo nilipoiacha, kama mtu aliyeahidiwa. Mimi nina fulana ya mikono mifupi yenye picha ya mnazi. Meno yakaanza kupiga taarabu. Zawadi yuko ndani ya tabaka zake nne, anapendeza, ananihurumia kwa mbali. Mama Zawadi hakusema kitu. Alifungua begi, akatoa ile leso mpya, akanizungushia mabegani mara mbili, akaikaza.

Nikajisikia mtu anayependwa. Nikapita stesheni nzima nimenyooka, watu wananipisha, wananitazama mgongoni, wananong'ona, wengine wanatabasamu. Nikajua sasa, hatimaye, nimepata mtindo.

Kwenye matatu ya kwenda nyumbani kondakta akasema ni 200.

"Mia mbili? Kwani asubuhi ile ilikuwa ngapi? Manyunyu haya ndiyo mnaita mvua? Nyinyi watu—"

Kondakta akanishika bega pole pole, akanigeuza nyuma kwenye mwanga wa taa, akasoma kwa sauti ili na wa viti vya nyuma wapate:

"SEMA USICHOKE MIMI NISHAZOEA."

Gari zima likaangua kicheko, dereva naye akapiga honi. Nikamtazama Mama Zawadi. Alikuwa dirishani, anatazama mvua kwa makini sana.

Nikalipa 200.