Wanaolala Kariakoo hawamo kwenye mtaala

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa pili chuo kikuu alinifuata jikoni, glavu zikiwa bado mikononi, akaniomba nimsainie fomu yake ya saa za kujitolea. Kituo chenyewe cha kulaza watu wasio na makazi kiko chini ya kanisa, hapa pembezoni mwa Boston, nami huenda pale mwisho wa juma kusaidia kupika. Fomu ilikuwa na nafasi ya tarehe, ya muda aliofanya kazi na ya sahihi yangu, na chini kabisa palikuwa na swali lililoachiwa mistari mitatu: umejifunza nini kuhusu umaskini? Nilikereka. Mtu aliyemenya vitunguu jioni moja, akagawa maharage kwa wazee wa umri wa baba yake, anatakiwa amalize kuueleza umaskini kwa mistari mitatu, apewe alama zake, kisha apande treni arudi bwenini.

Hata hivyo, kero hiyo ilipopoa nilijikuta nakiuliza chuo nilichosoma mimi swali lililo gumu zaidi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatukuulizwa jambo hilo hata kwa mstari mmoja. Kozi ya DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) ilikuwa ya lazima kwa wote, na tuliandika insha ndefu kuhusu utegemezi, ubeberu na uchumi wa pembezoni. Usiku tukirudi kutoka mjini tulipita Kariakoo tukiiruka miguu ya watu waliolala kwenye veranda za maduka, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, huku tukiendelea kubishana kuhusu maendeleo. Hakuna mhadhiri aliyewahi kutuambia tusimame hapo, tukae, tumuulize mmoja wao ametokea wapi.

Huku kuna wanafunzi waliokwenda mbali kuliko yule wa fomu. Ng'ambo ya mto, mjini Cambridge, wanafunzi wa Harvard wamekuwa wakiendesha kituo cha kulaza watu majira ya baridi tangu 1983, chini ya kanisa la Kilutheri. Wao wenyewe ndio wanaopanga zamu, wanaokesha na wanaoandaa kifungua kinywa. Kwa kukaa na watu hao usiku baada ya usiku, baadhi ya wanafunzi hao waliona kwamba vijana wenye umri kama wao hawana mahali panapowafaa miongoni mwa watu wazima, na mwaka 2015 kikafunguliwa kituo kingine, Y2Y, kwa ajili ya wenye miaka 18 hadi 24. Jambo kama hilo halionekani na mtu anayepita tu akiwa na fomu mkononi. Linahitaji mtu aliyezoeleka, anayejulikana kwa jina na anayejua majina ya wenzake.

Najua kitakachofuata. Ndugu zangu wa Tanzania, mtaniambia nimekula theluji kidogo na sasa nimekuwa mwalimu wa taifa. Mtaniambia pia kwamba hao Wamarekani wenye kila kitu nao wana watu wengi wasio na makazi, na hapo hamjakosea. Katika hesabu ya Januari 2024 walipatikana watu zaidi ya 770,000 wasio na makazi nchi nzima, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tangu hesabu hizo zianze. Kodi ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala hapa Boston inazidi dola 2,000 kwa mwezi, na nimewahi kumpakulia chakula mtu aliyekuja na sare ya kazini, amemaliza zamu yake vizuri kabisa ila hana pa kulala. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata pale ambapo hakuna kitanda cha kuwapa.

Hapa nitajivunia kwetu bila kuona haya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ilikwisha kutoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zile tulizoachiwa na wakoloni, zinapingana na Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi zizifute au zizirekebishe. Huwa nawasimulia jambo hilo wanafunzi wa hapa, nao hushangaa kwamba limesemwa Afrika, na mimi hufurahia mshangao wao kuliko inavyostahili. Kisha nakumbuka karandinga la polisi, na amri zile za kila baada ya miaka kadhaa kwamba ombaomba wote warudishwe Dodoma na Singida, na furaha yangu inakatika.

Lakini kwetu kuna undugu, mtasema. Ni kweli, na sitaki asiyeujua aubeze mbele yangu. Nyumbani kwa kaka yangu Tandika, chumba na sebule, sijawahi kukuta godoro la sebuleni likiwa halina mgeni. Kijana wa shangazi anatafuta kazi, mke wa binamu amekuja hospitali, na hakuna anayejaza fomu. Huku nimeona mzee mwenye watoto watatu wenye nyumba zao akisubiri kura ya kitanda, na nikashindwa kumweleza mama yangu kwenye simu jambo hilo likaeleweka.

Hata hivyo, undugu huohuo ndio unaotufumba macho. Kwa kuwa kila mtu anadhaniwa kuwa na kwao, aliyelala verandani tunamhesabu kuwa mkorofi au mvivu aliyekimbia kwao, na swali linaishia hapo. Dada wa kazi aliyefukuzwa usiku bila mshahara ana ndugu gani Dar es Salaam? Mtoto aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo arudishwe kwa undugu upi? Bibi aliyeitwa mchawi na wanawe mwenyewe, huko kwao ni wapi?

Wengine mtasema tunayo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tena kwa mujibu wa sheria. Tunayo, na historia yake na wasomi mnaijua: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kuyapinga masharti ya kulitumikia taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, akajikata yeye mwenyewe asilimia 20 ya mshahara. Mwalimu alikuwa na hoja nzito, kwamba msomi asijione mgeni kwa wakulima waliomsomesha. Kambini, hata hivyo, kijana anajifunza kwata, jembe na bendera, na anatoka bila kukutana na mtu asiye na mlango wa kufunga.

Na wewe unayeniuliza mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, anayebebana na mwenzake kwenye kitanda cha mtu mmoja, atamhudumia nani, nakujibu kwamba huyo ndiye ninayemtaka. Mwaka 2016 wanafunzi wa UCLA, Los Angeles, walifungua kituo cha kuwalaza wanafunzi wenzao wasio na makazi, maana walijua kuna wanaolala maktaba na kwenye magari. Anayebebana tayari anajua nusu ya somo. Kilichobaki ni chuo kuliita somo.

Sidai tujenge vituo kesho, na wala usiniambie nirudi nikavijenge mwenyewe. Nadai hesabu. Hapa kila Januari watu wa kujitolea, wanafunzi wakiwamo, huzunguka usiku kuwahesabu waliolala nje. Sisi tuliwahesabu usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, usiku wa sensa, na tutasubiri sensa nyingine. Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama na wa sheria Mlimani wangeweza kuifanya kazi hiyo kila mwaka, Kariakoo, Feri na Ubungo, bila askari na bila karandinga, na kila aliyelala akaulizwa mara ya mwisho alipanga wapi na alitolewa kwa sababu gani. Swali la kodi liwe la kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo hakutajwa katika insha yoyote ya DS niliyowahi kuandika.