Vihami vya topolojia vina faida gani kwetu Mombasa?

Juzi baada ya swala ya Isha, barazani Mji wa Kale, kijana mmoja wa mtaa anayesomea fizikia chuoni alitueleza habari za vihami vya topolojia: vitu ambavyo ndani havipitishi umeme, lakini kandokando elektroni hukimbia bila kurudishwa nyuma. Akamalizia kwa kusema siku si nyingi nyaya za umeme hazitapata moto tena. Mzee aliyekuwa karibu naye, fundi wa umeme aliyezeekea bandarini Kilindini, akamjibu, "Mwanangu, hayo ni ya maabara za watu. Sisi transfoma ikiungua twalala gizani." Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na mabishano yale hayajanitoka. Kila mmoja ana haki yake, ila si pale anapodhani.

Tuanzie kwenye lisilobishaniwa. Mwaka 1879 Edwin Hall, Mmarekani, aligundua kwamba ukipitisha mkondo kwenye kipande cha metali kilicho ndani ya uga wa sumaku, volti hutokea upande, kukingama na mkondo. Ukiongeza sumaku, volti nayo hupanda, polepole na bila kusita. Ndivyo ilivyojulikana kwa miaka mia moja. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Grenoble, Ufaransa, alipima utando mwembamba wa elektroni katika baridi kali na sumaku yenye nguvu nyingi, akaona ajabu: ukinzani wa upande (volti ile ya upande kugawanya kwa mkondo) haukupanda kwa mteremko laini bali kwa ngazi. Sumaku inaongezwa, namba haisogei. Kisha inaruka hadi ngazi nyingine, inatulia tena. Ngazi zile ni omu 25,812.807 kugawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea. Kipande kiwe na uchafu au kiwe kimekatwa ovyo, namba ni ile ile.

Kwa nini uchafu usiiharibu? Hapo ndipo inapoingia topolojia, tawi la hesabu linaloangalia sifa za umbo zisizobadilika likipindwa. Bangili uipinde, uibonyeze, bado ina tundu moja. Kaimati haina tundu, na hakuna kitu kiitwacho nusu tundu. Mwanafizikia David Thouless na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba ngazi za von Klitzing zinahesabu kitu cha aina hiyo kilichofichika katika mawimbi ya elektroni, na hesabu ya namba nzima haibadiliki kidogo kidogo. Nimesomesha miaka mingi, na sijui jambo jingine katika fizikia ya vitu vigumu linalonipa furaha kama hili.

Sasa hoja ya mzee. Baadaye zilipatikana tando za jamii ya vihami vya topolojia zinazotoa ngazi hiyo, umeme ukipita kandokando, bila sumaku ya nje kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Beijing walifanikiwa kwa utando wa bismuthi, antimoni na teluri uliotiwa kromi, lakini katika baridi ya sehemu 30 za elfu moja ya digrii juu ya sifuri kamili, yaani karibu nyuzi 273 chini ya barafu. Nasi hapa wakati wa kaskazi twapita nyuzi 30 kivulini. Kupooza kifaa kile kunameza nishati mara nyingi zaidi ya ile ambayo waya ungeokoa.

Kuna na jambo ambalo kijana hakulitaja, na kwangu ndilo zito zaidi. Njia moja ya kandokando haipotezi nishati njiani, kweli. Lakini ukiiunganisha na waya wa kawaida, ukinzani unaoupata kutoka ncha hadi ncha ni zile omu 25,813, na joto hutokea pale kwenye viungio. Birika la wati 2,000 kwenye volti 240 lina ukinzani wa kama omu 29. Ungehitaji njia karibu 900 sambamba ili ulifikie birika moja tu la chai. Waya wa shaba bado hauna mshindani.

Hata sifa nyingine za vitu hivi zataka subira. Nadharia yasema kihami cha topolojia, uso wake ukizuiwa kwa sumaku usipitishe umeme, ukikitia uga wa umeme kinajibu kwa usumaku, na ukikitia uga wa sumaku kinajibu kwa umeme, kwa kiwango kinachotokana na ile namba maarufu iliyo karibu na 1/137, inayopima nguvu ya umeme na sumaku kati ya chembe. Mwaka 2016 wapimaji walikiona kiwango hicho katika jinsi mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ulivyogeuka ulipopita ndani ya kipande. Huo ni ushahidi mzuri. Lakini kwa metali za Weyl, ndugu wa vitu hivi wanaopitisha umeme hata ndani, ambako ukinzani hupungua umeme na sumaku vikielekea upande mmoja, baadhi ya vipimo viligeuka kuwa na kasoro ya kawaida: mkondo ulijikusanya katikati ya kipande ukaidanganya mita.

Basi mzee ameshinda? Kwa waya, naam. Kwa kusema hayatuhusu, hapana. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa Ufaransa, inategemea namba ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika. Njia mojawapo kuu ya kuitoa kilo katika namba hiyo ni mizani inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme, na mkondo wake hupimwa kwa msaada wa ukinzani wa Hall. Mawe ya mizani ya soko la Kongowea, ukifuata mnyororo wa ukaguzi wake hadi juu kabisa, huishia huko. Na mita ya omu iliyo mkobani mwa mzee, kama imesawazishwa sawasawa, nayo mnyororo wake huishia kwenye ngazi za von Klitzing.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akajiuliza mita yake ilisawazishwa lini mara ya mwisho. Hakukumbuka. Kijana naye, akitaka ushauri wangu kuhusu somo la kuendelea nalo, nitamwelekeza kwenye upimaji, maana kazi ya kujibu swali la mzee inataka watu hapa hapa pwani.